Upigaji picha wa michoro ya miambani ya Kondoa

Upigaji picha wa michoro ya miambani ya Kondoa ni kazi ya kuhifadhi kwa kamera kumbukumbu za michoro ya kale iliyopo kwenye miamba ya Kondoa, mkoani Dodoma, katikati ya Tanzania. Kazi hiyo hufanywa na wanaakiolojia, maafisa wa mambo ya kale, wanafunzi na pia wageni wa kawaida wenye simu mkononi. Michoro hiyo iliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006.

Michoro haikimbii kama swala wala haijifichi kama chui, lakini inafifia. Mahali pengi duniani wapiga picha wenyewe wameongeza kasi ya kufifia huko kwa kumwagia mwamba maji ili rangi zing'ae mbele ya lenzi. Kwa sababu hiyo, uchaguzi wa kamera, lenzi na taa kwa ajili ya Kondoa una shabaha moja kuliko zote: kupata picha inayosomeka bila kitu chochote kugusa mwamba. Shabaha ya pili ni kuvirudisha vifaa nyumbani vikiwa vizima, maana uwanda wa kati una vumbi jingi wakati wa kiangazi na mvua za ghafla wakati wake.

Mahali na majira

Eneo la urithi lina ukubwa wa kilomita za mraba 2,336, kwenye miteremko inayopakana na Bonde la Ufa. Sehemu zenye michoro ni zaidi ya 150, na makadirio mengine hufika 450. Watu huziita mapango, lakini nyingi si mapango ya kuingia ndani. Ni miamba mikubwa iliyoinama mbele kama paa la baraza, na michoro iko ukutani chini ya paa hilo. Umbo hili ndilo lililoilinda michoro isioshwe na mvua kwa karne nyingi, na ndilo linalomletea mpiga picha shida ya kwanza: mara nyingi mbele ya ukuta kuna nafasi ya hatua chache tu, kisha genge.

Mji wa Kondoa uko takriban kilomita 160 kaskazini mwa jiji la Dodoma, kwenye barabara ya lami iendayo Babati. Kaskazini zaidi kipo kijiji cha Kolo, chenye ofisi ya mambo ya kale ambapo mgeni hupata kibali na mtu wa kumwongoza. Kutoka hapo kwenda Mungomi wa Kolo, sehemu inayojulikana kuliko zote, hutumika njia ya udongo, halafu kupanda mlima kwa miguu. Uzito wa mfuko wa kamera huonekana kuwa mdogo ofisini Kolo na mkubwa sana katikati ya mlima huo.

Uwanda wa kati una msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwisho wa Novemba au Desemba hadi Aprili. Kwa mwaka mzima Dodoma mjini hupata takriban milimita 550 hadi 600 tu. Miezi iliyobaki ni mikavu, na kuanzia Juni upepo huvuma kwa nguvu na kubeba vumbi laini. Kila majira yana faida na hasara yake kwa picha. Wakati wa kiangazi njia zinapitika lakini jua ni kali na vumbi huingia kila mahali. Wakati wa mvua mawingu hutoa mwanga laini unaofaa sana kwa michoro, lakini miamba huteleza na mito ya msimu, kama Bubu, hujaa maji kwa saa chache. Mtu mwenye uhuru wa kuchagua tarehe hufanya vizuri kwenda mwishoni mwa mvua, mwezi Mei, kabla upepo haujashika kasi na baada ya mvua kulitua vumbi.

Michoro yenyewe

Michoro ya Kondoa ni ya aina mbili kubwa. Ya kwanza ni mekundu, iliyochorwa kwa ngeu, yaani udongo wenye oksidi ya chuma. Inaonyesha watu warefu wembamba, baadhi wakiwa na vichwa vilivyopambwa, pamoja na wanyama kama twiga, tembo na pofu. Hiyo huhesabiwa kuwa kazi ya wawindaji na wakusanyaji, na mara nyingi huhusishwa na wahenga wa Wasandawe, ambao hadi leo huishi magharibi mwa Kondoa katika wilaya ya Chemba. Aina ya pili ni meupe, iliyopakwa kwa vidole na kwa rangi nzito, nayo huhesabiwa kuwa ya baadaye, kazi ya wakulima na wafugaji. Kwa umri, UNESCO husema michoro imekuwa ikichorwa kwa angalau miaka elfu mbili. Wapo wataalamu wanaodai kuwa mingine ni ya kale zaidi sana.

Kwa mpiga picha tofauti hiyo ina maana kubwa. Mekundu imeingia ndani ya ngozi ya mwamba kama doa la chai kwenye kitambaa. Inadumu, lakini mistari yake ni myembamba na mara nyingi iko juu ya mwamba wenye wekundu au unjano wake wenyewe, hivyo jicho huipoteza. Meupe huonekana hata kwa mbali, lakini imekaa juu ya mwamba kama chokaa ukutani. Ikiguswa au ikilowa hubanduka.

Historia ya kunakili

Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen alichunguza michoro ya Tanganyika ya kati katika miaka ya 1930, na mwaka 1937 serikali ya kikoloni iliitangaza michoro ya Kondoa kuwa kumbukumbu ya taifa. Mwaka 1950 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha mwongozo wa michoro hiyo, miongoni mwa waandishi wake wakiwa Henry Fosbrooke na Louis Leakey.

Mwaka uliofuata, 1951, Mary Leakey alikaa Kondoa kwa miezi kadhaa akinakili kwa mkono. Aliweka karatasi angavu ya selofani juu ya mwamba, akafuata mistari kwa penseli ya mafuta, kisha akachora upya kwa rangi. Kwa njia hiyo alinakili takriban maumbo 1,600. Kitabu chake, Africa's Vanishing Art, kilitoka mwaka 1983, na neno la kutoweka lililomo katika jina hilo halikuwekwa kwa mapambo. Baada ya uhuru walifuata watafiti wengine, akiwemo Eric ten Raa aliyeishi na kuwaandika Wasandawe, na Mtanzania Fidelis Masao, ambaye kitabu chake kuhusu Zama za Mawe za mwisho na michoro ya Tanzania ya kati kilichapishwa mwaka 1979.

Mwaka 1996 ilianzishwa mjini Nairobi TARA, taasisi ya sanaa ya miambani ya Afrika, chini ya mpiga picha David Coulson. Nakala za picha zake za kidijitali, takriban 25,000 kutoka sehemu mbalimbali za bara, zilipelekwa pia Makumbusho ya Uingereza mjini London, ambako zimewekwa wazi kwa umma kwenye mtandao.

Nakala ya mkono na picha hazifanyi kazi ileile. Anayenakili kwa mkono huamua: mstari huu ni wa mchoro, ule ni ufa. Kwa hiyo nakala yake husomeka vizuri kuliko mwamba wenyewe, lakini imebeba maamuzi yake. Kamera haiamui. Inachukua mchoro pamoja na ufa, kinyesi cha ndege, moshi na jina la mtu aliyejiandika ukutani. Uchafu huo wote ni taarifa, kwa kuwa picha mbili za ukuta mmoja zilizopigwa kwa kupishana miaka ishirini zinaweza kuonyesha ni kipande gani kimebanduka na doa gani limekua. Isitoshe, kamera inafanya hayo yote bila kugusa, wakati karatasi ya kunakilia lazima ilazwe juu ya rangi. Ndiyo maana njia ya karatasi huepukwa siku hizi.

Tatizo la maji

Kila aliyewahi kuosha sakafu ya saruji au kuokota kokoto mtoni anajua kwamba jiwe lililolowa lina rangi iliyokolea kuliko lililokauka. Uso wa mwamba mkavu una vinundu na matundu madogo yasiyohesabika, na mwanga ukiupiga hutawanyika kila upande, hivyo juu ya rangi huonekana kama ukungu mweupe. Maji yakijaza matundu hayo mtawanyiko hupungua, mwanga huingia hadi kwenye rangi na kurudi ukiwa umekolea. Mchoro uliokuwa hauonekani hutokea kwa dakika chache. Kwa kamera za filamu za zamani, zisizoweza kurekebishwa baadaye, kishawishi kilikuwa kikubwa.

Madhara huja maji yanapokauka. Maji yaliyoingia kwenye mwamba huyeyusha chumvi na madini yaliyomo. Yanapotoka kwa njia ya mvuke huyaacha usoni, na tabaka jeupe gumu hujengeka juu ya mchoro. Kadiri unavyolowanishwa ndivyo ukungu unavyoongezeka, na atakayekuja kesho atahitaji maji mengi zaidi ili aone kile kilichoonwa jana. Chumvi nyingine huganda ndani ya matundu, hupanuka na kusukuma vipande vya ngozi ya mwamba vidondoke. Mchoro mweupe haungojei hata hayo, kwani rangi yake huondoka na maji yaleyale.

Mfano unaojulikana sana ni wa Tassili n'Ajjer, katika Sahara ya Algeria. Msafara wa Mfaransa Henri Lhote wa miaka ya 1956 na 1957 ulisafisha na kulowanisha michoro kwa sponji ili inakiliwe, na watalii waliofuata wakaiga. Michoro kadhaa ya huko imepauka kiasi kwamba nakala za msafara huo sasa zinaonyesha zaidi ya kile kilichobaki ukutani. Soda, mate, mafuta ya taa na kukoleza mistari kwa chaki huleta hasara ileile au kubwa zaidi.

Kondoa ina jambo lake la pekee. Mungomi wa Kolo si makumbusho tu, bali ni mahali pa tambiko ambapo wenyeji wameendelea kuomba mvua na uponyaji, na katika matambiko hayo pombe ya mtama imekuwa ikirushwa ukutani. Wahifadhi wamelijadili jambo hilo kwa muda mrefu, kwa sababu tambiko nalo ni sehemu ya urithi uliofanya miamba iheshimiwe na kulindwa. Mgeni mwenye chupa ya maji hawezi kujificha nyuma ya hoja hiyo. Yeye anatafuta picha tu, na picha hiyo inapatikana kwa njia nyingine.

Kamera

Kinachotakiwa kwa kamera si umaarufu wa jina lake. Mambo manne hutosha: iweze kuhifadhi faili ghafi, iruhusu mpigaji kupanga mwenyewe mwanga na muda, iwe na kipima muda cha sekunde mbili, na iweze kufungwa kwenye stendi ya miguu mitatu. Kamera nyingi za kubadilisha lenzi zina hayo yote, hata zile za mtumba za miaka kumi iliyopita, na ni afadhali kamera ya zamani yenye lenzi nzuri kuliko kamera mpya yenye lenzi hafifu.

Faili ghafi ni data yote iliyopokelewa na kihisio kabla kamera haijaipunguza kuwa JPEG. JPEG hutupa tofauti ndogo za rangi ambazo jicho la kawaida halizioni. Kwa picha ya harusi hakuna hasara. Kwa mchoro uliofifia, tofauti hizo ndogo ndizo mchoro wenyewe.

Wingi wa pikseli unaweza kupimwa kwa hesabu nyepesi. Kamera ya megapikseli 24 hutoa picha yenye pikseli 6,000 kwa upana. Ukuta wa mita 2 ukiingia wote katika picha moja, kila milimita ya mwamba hupata pikseli 3. Mstari wenye unene wa milimita moja utaonekana, lakini kwa shida. Kwa simu ya megapikseli 12, yenye pikseli 4,000 kwa upana, kila milimita hupata pikseli 2. Dawa yake si kununua kamera kubwa zaidi. Ukuta hupigwa kwa vipande vinavyopandiana kwa zaidi ya nusu, kisha programu ya kompyuta huviunganisha. Vipande hivyohivyo vikipigwa kutoka pembe mbalimbali huweza pia kutengeneza umbo la pande tatu la mwamba.

Simu haipaswi kudharauliwa, kwani ndiyo kamera ambayo kila mtu anayo. Udhaifu wake ni kwamba hupamba picha bila kuulizwa: hukoleza wekundu, hunoa kingo na kulainisha mwamba, ikabaki picha ya kupendeza ambayo si ya kweli. Simu nyingi zina njia ya kupiga faili ghafi, ama katika kamera yake yenyewe ama kwa programu ya ziada, na hiyo ndiyo ya kutumia.

Lenzi

Lenzi huchaguliwa kwa kuangalia nafasi iliyopo mbele ya ukuta. Kwa kamera yenye kihisio cha milimita 36 kwa 24, mpigaji aliyesimama mita 2 kutoka ukutani hupata upana ufuatao:

kwa lenzi ya milimita 24, mita 3;
kwa lenzi ya milimita 35, mita 2 na ushei;
kwa lenzi ya milimita 50, mita 1 na sentimita 44.

Kamera zenye kihisio kidogo cha aina ya APS-C hupata takriban theluthi mbili ya upana huo.

Wengi hukimbilia lenzi pana ili ukuta wote uingie mara moja. Ni sawa kwa picha moja ya kuonyesha mahali. Kwa mchoro wenyewe lenzi pana ina udanganyifu: vitu vya pembeni huvutwa na kurefuka. Kwa Kondoa hilo ni kosa zito, maana urefu na wembamba wa watu waliochorwa ndiyo mtindo wa wachoraji wenyewe. Mfano ni kundi la watu watano la Kolo B1, ambalo Mary Leakey aliliona kama tukio la mwanamke kutekwa, akivutwa na wanaume wawili kila upande. Mtu akiwekwa ukingoni mwa picha ya lenzi pana, msomaji hawezi tena kujua ni urefu gani uliochorwa na ni upi ulioongezwa na kioo.

Lenzi moja ya milimita 50 isiyovuta, hasa ile ya makro, hufanya kazi kubwa kuliko zote. Lenzi za makro hutengenezwa ili uso bapa uonekane wazi katikati na pembeni sawasawa, na uwezo wake wa kusogea karibu hufaa kwa mistari myembamba. Bei ya lenzi ya kawaida ya milimita 50 huwa ndogo kuliko ya nyingi nyingine. Ikiwa kuna nafasi ya lenzi ya pili mfukoni, ya milimita 70 hadi 200 inafaa kuliko watu wanavyodhani: baadhi ya michoro iko juu, na kwa milimita 200 mpigaji aliye mita 10 chini hupata kipande cha mita 1.8 bila kupanda mahali pa hatari. Kwa kweli hatari haiko kwa mchoro tu. Mtu anayerudi nyuma hatua moja moja, jicho likiwa kwenye kamera na genge likiwa mgongoni, anahitaji mwenzake wa kumwangalia.

Tundu la lenzi hupangwa karibu na f/8. Likiachwa wazi sana pembe hupoteza uwazi, na likifungwa kupita f/16 mwanga hupinda kwenye kingo za tundu na picha nzima hulegea. ISO huwekwa chini, 100 au 200. Muda wa kupiga huwa mrefu, pengine nusu sekunde, na hapo ndipo stendi inapohitajika. Miguu yake isimame juu ya udongo au jiwe tupu, kamwe isiegemezwe ukutani.

Mwanga

Kwa kuwa maji hayatumiki, kazi yake hufanywa na mwanga. Ukuta unapaswa kuwa wote kivulini au wote juani, na kivulini ndiko bora. Nusu kwa nusu ndiyo hali mbaya kuliko zote, kwani kamera haiwezi kushika pande zote mbili. Kila mwamba unatazama upande wake, kwa hiyo mtu wa kuuliza ni mwongozaji wa Kolo, anayejua jua linafika wapi saa ngapi. Palipo na mwale wa jua usiokwepeka, kanga nyepesi au shuka jeupe likishikwa na watu wawili hulilainisha vizuri.

Ukungu ule unaotokana na mtawanyiko na mng'ao wa mwamba hupunguzwa na kichujio cha polaraiza, kioo kinachofungwa mbele ya lenzi na kuzungushwa mpaka mng'ao upungue. Hukata mwanga mwingi, ikabaki nusu au robo, lakini kamera iliyo kwenye stendi haijali. Taa nayo ikifunikwa kwa karatasi ya polaraiza iliyogeuzwa kwa pembe mraba na kichujio cha lenzi, mng'ao huondoka karibu wote na rangi huonekana kama mwamba umelowa. Hii ndiyo njia iliyo karibu kuliko zote na ile ya maji, na mwamba hubaki mkavu.

Flashi iliyo juu ya kamera haifai, kwa sababu hupiga ukuta usoni na kurudisha mng'ao. Ngeu ni madini na haipaushwi na mwanga kwa urahisi kama rangi za nguo, lakini mahali pengi flashi imekatazwa, na agizo la mlinzi hufuatwa. Mwanga wa kutoka pembeni una kazi nyingine: huonyesha nyufa, mikwaruzo na sehemu zinazokaribia kubanduka. Picha moja ya namna hiyo kwa kila ukuta huwafaa sana wahifadhi.

Pembeni mwa mchoro huwekwa kipimo chenye rangi. Kinachotumika kimataifa ni kile cha IFRAO chenye urefu wa sentimita 10. Hushikwa kwa kijiti au stendi ndogo mbele ya mwamba, hakibandikwi.

Vumbi na mvua

Maneno kama "inastahimili hali ya hewa" kwenye sanduku la kamera hayana kipimo. Kipimo chenye maana ni alama ya IP ya kiwango cha kimataifa IEC 60529. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi, na 6 ni kutopitisha kabisa. Ya pili ni ya maji: 3 ni mvua ya kunyunyiza, 7 ni kuzamishwa hadi mita 1 kwa nusu saa. Simu nyingi za bei ya juu zina IP67 au IP68, wakati kamera chache sana za kubadilisha lenzi hutangaza alama yoyote; OM-1 ya mwaka 2022 ilitangaza IP53. Kwa maneno mengine, simu ya mgeni inaweza kuwa salama zaidi mvuani kuliko kamera yenye bei mara tatu yake. Kuna pia kamera ndogo zisizobadilishwa lenzi, kama Olympus TG-6 ya mwaka 2019, zinazozamishwa hadi mita 15 na kupiga faili ghafi. Kihisio chake ni kidogo, lakini kwa anayevuka mito ya msimu kwa miguu ni chaguo la busara.

Kinga ya kamera huishia pale lenzi isiyo na kinga inapofungwa, na baadhi ya lenzi zilizokingwa huhitaji kichujio mbele ili kinga ikamilike. Lenzi ya kuvuta inayorefuka ni kama pampu: kila inaporefushwa huvuta hewa, na hewa ya Dodoma mwezi Agosti imejaa vumbi. Kwa hiyo lenzi hubadilishwa ndani ya gari lililofungwa au ndani ya mfuko, kamera ikiwa imezimwa na kuinamishwa chini. Vumbi hupulizwa kwanza kwa mpira wa kupulizia kabla ya kufuta, maana kitambaa juu ya mchanga ni msasa.

Anayesafiri kwa bodaboda aweke kamera mgongoni au kifuani, si kwenye keria, kwani mtikiso wa barabara ya udongo hulegeza skrubu za lenzi. Mfuko wa plastiki wenye tundu la lenzi, uliofungwa kwa mpira, hukinga mvua ya nusu saa vizuri. Kamera iliyotoka kwenye gari lenye kiyoyozi hupata ukungu kwenye kioo ikikutana na hewa ya joto yenye unyevu, hivyo iachwe ndani ya mfuko uliofungwa hadi ipate joto la nje. Kuvu za lenzi, zinazowasumbua sana wapiga picha wa Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar, ni nadra Dodoma kwa sababu ya ukavu. Vifaa vinavyohifadhiwa Pwani huhitaji chombo kilichofungwa chenye silika jeli. Kukizika kifaa kilicholowa ndani ya mchele hakusaidii kuliko kukiacha penye hewa, na unga wa mchele huingia kwenye matundu.

Programu ya DStretch

Mwaka 2005 Mmarekani Jon Harman alitoa DStretch, programu inayofanya kazi ndani ya ImageJ. Hutumia njia iliyobuniwa kwa ajili ya picha za satelaiti. Huchukua tofauti ndogo sana za rangi zilizomo katika picha na kuzitanua mpaka jicho lizione, kwa rangi za uongo: mwamba unaweza kuwa wa kijani na mchoro wa zambarau. Mchoro mwekundu ambao mtu aliyesimama mbele yake hauoni huweza kujitokeza wote, na wakati mwingine huonekana mchoro wa pili chini ya wa kwanza. Lipo pia toleo la simu.

Matokeo yake hutegemea picha iliyoingizwa. JPEG iliyobanwa sana hutoa miraba miraba badala ya mistari. Picha iliyobadilishwa haichukui nafasi ya ile ya asili. Zote mbili huhifadhiwa, na inapochapishwa husemwa wazi kwamba rangi zimebadilishwa.

Maelezo ya picha na siri ya mahali

Picha isiyo na tarehe wala jina la mahali haina kazi kubwa kwa utafiti. Kwa kila ukuta huandikwa tarehe, saa, namba ya eneo (kwa mfano Kolo B1), lenzi iliyotumika, na hali ya mwamba siku hiyo. Nakala huhifadhiwa mahali pawili, na nakala moja ikiachwa ofisi ya mambo ya kale huwasaidia wanaofuatilia hali ya michoro.

Mahali kamili pa eneo lisilo na mlinzi ni jambo tofauti. Katika sehemu kadhaa za Kondoa watu wamechimba chini ya miamba wakitafuta mali inayosemekana kufichwa na Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wakaharibu tabaka ambazo wanaakiolojia wangezisoma. Simu huandika latitudo na longitudo ndani ya kila picha bila mwenyewe kujua, na picha hiyo ikiwekwa mtandaoni inaweza kuwa ramani kwa wachimbaji. Huduma ya mahali huzimwa kabla ya kupiga, au taarifa hiyo hufutwa kabla ya kusambaza. Jina la kijiji linatosha kwa umma, na vipimo kamili hupelekwa ofisini Kolo.